Louis Washkansky

Louis Washkansky (alizaliwa Lithuania mwanzoni mwa miaka ya 1910 – alifariki Cape Town, Afrika Kusini, 21 Desemba 1967) alikuwa mfanyabiashara wa vyakula wa Cape Town, anayejulikana duniani kama mtu wa kwanza kupandikizwa moyo wa binadamu mwingine. Upasuaji huo ulifanywa usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1967 katika hospitali ya Groote Schuur na kundi la madaktari na wauguzi lililoongozwa na daktari Christiaan Barnard. Moyo aliowekewa ulikuwa wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari siku iliyotangulia.

Washkansky aliishi siku 18 baada ya upasuaji. Hakuuawa na moyo mpya, ambao uliendelea kupiga vizuri karibu hadi mwisho, bali na homa ya mapafu iliyompata wakati kinga ya mwili wake ilikuwa imepunguzwa makusudi kwa dawa. Kwa sababu hiyo habari zake zinahusu upasuaji na pia uuguzi wa mgonjwa baada ya kupandikizwa: jinsi ya kumkinga na maambukizi, kumpa dawa kwa kipimo sahihi na kutambua dalili za hatari mapema.

Maisha ya awali

Washkansky alizaliwa katika familia ya Kiyahudi nchini Lithuania, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Dola la Urusi. Miaka ile Wayahudi wengi wa Lithuania waliondoka kwao kwa sababu ya umaskini na mateso, na sehemu kubwa ya waliokwenda Afrika walifikia Afrika Kusini. Yeye alihamia huko mwaka 1922 akiwa bado mtoto, na familia ikakaa Cape Town.

Alipokua alifanya biashara ya duka la vyakula. Alipenda sana michezo: alicheza mpira wa miguu, aliogelea na kuinua vyuma. Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mwenye mwili wa nguvu, mcheshi na asiyependa kukaa bure.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia jeshi la Afrika Kusini. Alipelekwa Afrika ya Mashariki, ambako wanajeshi wa Afrika Kusini walishiriki katika vita dhidi ya Waitalia waliotawala Ethiopia na Somalia, halafu Afrika ya Kaskazini na Italia. Baada ya vita alirudi Cape Town kuendelea na biashara yake. Mke wake aliitwa Ann.

Ugonjwa

Washkansky aliugua kisukari, ugonjwa unaoharibu mishipa ya damu pole pole, ikiwemo ile inayolisha moyo. Baadaye alipatwa na shambulio la moyo mara tatu. Kila shambulio liliua sehemu nyingine ya msuli wa moyo na kuacha kovu mahali pake, na kovu halina uwezo wa kusukuma damu.

Mwaka 1966 daktari wake alimpeleka Groote Schuur kwa uchunguzi, na vipimo vilionyesha kwamba moyo ulikuwa umeharibika kiasi cha kutotibika kwa njia zilizokuwepo. Mwaka uliofuata hali yake ilizidi kuwa mbaya. Moyo ulipanuka, ini likavimba, maji yakajaa mwilini, na hakuweza kulala chali bila kukosa pumzi. Miguu ilivimba sana hata ikabidi atobolewe na kuwekewa mirija midogo ya kutoa maji. Vidonda vya mirija hiyo viliwatia madaktari wasiwasi, kwa kuwa ngozi iliyotobolewa ni mlango wa vijidudu, hasa kwa mgonjwa wa kisukari.

Alilazwa Groote Schuur kwa miezi ya mwisho ya mwaka 1967. Huko Barnard alimweleza kwamba kulikuwa na njia moja ambayo haijawahi kujaribiwa kwa binadamu, yaani kuondoa moyo wake na kumwekea wa mtu aliyefariki. Washkansky alikubali bila kuomba muda mrefu wa kufikiri. Mke wake alikuwa na hofu zaidi, lakini naye aliafiki uamuzi wa mumewe.

Matayarisho ya hospitali

Kufikia mwaka 1967 upandikizaji wa moyo ulikuwa umefanyiwa utafiti kwa miaka mingi kwa kutumia mbwa. Waliotangulia zaidi walikuwa Wamarekani Norman Shumway na Richard Lower, na njia waliyobuni ya kushona moyo ndiyo Barnard aliyoifuata. Mwaka 1964 James Hardy, pia wa Marekani, alimwekea mgonjwa mahututi moyo wa sokwe, lakini mgonjwa huyo alikufa muda mfupi baadaye bila kupata fahamu.

Barnard alikuwa amesoma upasuaji wa moyo huko Minneapolis, Marekani, na aliporudi Cape Town mwaka 1958 alikuja na mashine ya moyo na mapafu. Mashine hiyo huchukua kazi ya viungo hivyo viwili wakati wa upasuaji: hupokea damu ya mgonjwa, huitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Mwezi Oktoba 1967 kundi lake lilimpandikiza figo mwanamke mmoja na kufaulu. Lengo mojawapo lilikuwa kupata uzoefu wa kumtunza mgonjwa ambaye kinga ya mwili wake imepunguzwa.

Afrika Kusini ilikuwa chini ya siasa ya ubaguzi wa rangi, apartheid. Ndani ya Groote Schuur wenyewe wagonjwa Wazungu na wasio Wazungu walilazwa pande mbili tofauti za jengo. Viongozi wa kitengo cha moyo walikubaliana kwamba katika upasuaji wa kwanza mgonjwa na mtoaji wa moyo wasiwe Waafrika wala Machotara, ili hospitali isije ikashutumiwa duniani kwamba inawafanyia watu hao majaribio. Kwa sababu hiyo Washkansky alizidi kungoja, huku muda wake ukiyoyoma.

Denise Darvall

Jumamosi tarehe 2 Desemba 1967, alasiri, familia ya Darvall ilikuwa njiani kwenda kunywa chai kwa marafiki. Walisimamisha gari katika barabara kuu ya mtaa wa Observatory, karibu na hospitali, na Denise akavuka barabara pamoja na mama yake, Myrtle, kununua keki. Wakati wa kurudi waligongwa na gari lililokuwa likipita. Mama alikufa palepale. Denise alipasuka fuvu la kichwa na kupelekwa Groote Schuur.

Ann Washkansky alikuwa ametoka kumtazama mumewe hospitalini siku hiyo, na akiwa njiani kurudi nyumbani alipita mahali pa ajali na kuona watu wamekusanyika. Hakujua kwamba ajali ile ingehusika na maisha ya mumewe.

Madaktari wa ubongo walimchunguza Denise wakaona kwamba ubongo wake umeharibika kabisa. Mashine ya kupumulia ndiyo iliyokuwa ikiendelea kumpa pumzi, na moyo wake ulikuwa bado unapiga. Madaktari wawili walikwenda kwa baba yake, Edward Darvall, aliyekuwa amempoteza mke wake saa chache zilizopita. Walimweleza kwamba binti yake hawezi kuokolewa na kwamba moyo wake ungeweza kumwokoa mtu mwingine. Baba alikaa kimya dakika chache. Alimkumbuka binti yake kuwa mtu wa kupenda kutoa, akakubali. Alikubali pia figo zake zitumike.

Damu ya Denise ilikuwa ya kundi O, ambayo haikupingana na ya Washkansky wa kundi A. Kazi ya kulinganisha damu na tishu za watu hao wawili ilifanywa na mtaalamu wa kinga, M. C. Botha. Wakati huohuo wafanyakazi waliokuwa nyumbani kwa mapumziko ya mwisho wa juma walitafutwa kwa simu na kuitwa hospitalini, mmoja baada ya mwingine.

Upasuaji

Upasuaji ulianza baada ya saa sita ya usiku katika vyumba viwili vilivyopakana, Washkansky katika kimoja na Denise katika kingine. Watu waliohusika walikuwa kama 30. Pamoja na Barnard walikuwepo madaktari wa upasuaji Rodney Hewitson, Terry O'Donovan na Marius Barnard, mdogo wake Christiaan. Dawa za usingizi zilisimamiwa na Joseph Ozinsky. Sista Peggy Jordaan alikuwa kiongozi wa wauguzi wa chumba cha upasuaji.

Moyo wa Denise ulikatwa, ukawekwa katika chombo chenye maji baridi na kubebwa hatua chache hadi chumba cha pili. Washkansky alikuwa tayari ameunganishwa na mashine ya moyo na mapafu. Barnard aliondoa moyo wake uliopanuka, akaacha kuta za nyuma za vyumba vya juu ili zitumike kama pindo la kushonea. Ulipowekwa mahali hapo, moyo wa msichana ulionekana mdogo kuliko nafasi iliyoachwa wazi.

Baada ya kushona, damu iliruhusiwa kuingia. Moyo ulitetemeka tu bila kupiga, ndipo ukapigwa mshtuko mmoja wa umeme na kuanza kwenda kwa mpigo wake. Ilikuwa ikikaribia saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili tarehe 3 Desemba. Jaribio la kwanza la kumwondoa mgonjwa kwenye mashine halikufaulu, ikabidi arudishwe, lakini baada ya muda moyo mpya ulimudu kubeba kazi peke yake.

Figo moja ya Denise ilipelekwa hospitali nyingine ya Cape Town na kupandikizwa kwa mtoto Chotara wa miaka 10. Jambo hilo lilizusha mjadala, kwa kuwa kiungo cha mtu aliyehesabiwa Mzungu kilikuwa kimeingia katika mwili wa mtoto ambaye sheria za nchi zilimkataza hata kusoma shule moja na watoto Wazungu.

Siku 18 za uuguzi

Baada ya upasuaji Washkansky alihamishiwa chumba cha pekee kilichotayarishwa kwa ajili yake. Adui wawili walijulikana tangu mwanzo. Wa kwanza ni kinga ya mwili wenyewe, ambayo hutambua kiungo kipya kuwa kigeni na kukishambulia. Wa pili ni maambukizi, yanayopata nafasi pale kinga hiyo inapopunguzwa. Tatizo ni kwamba tiba ya adui wa kwanza humpa nguvu adui wa pili.

Ili moyo usikataliwe alipewa azathioprini pamoja na dawa za jamii ya kotizoni, tena kwa wingi, na aliwekewa pia mionzi ya kobalti. Dawa hizo zilikuwa zimetumika kwa wagonjwa wa figo, lakini hakuna aliyejua kwa hakika kipimo kinachofaa kwa moyo, wala hapakuwa na njia rahisi ya kujua kama moyo umeanza kukataliwa. Waliangalia mabadiliko katika picha ya umeme wa moyo, joto la mwili na vipimo vya damu, na kila dalili ingeweza kuwa na maana mbili.

Dhidi ya maambukizi, kazi kubwa iliangukia wauguzi. Chumba kilisafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Kila aliyeingia alinawa, akavaa kanzu safi, kofia na barakoa. Sampuli zilichukuliwa puani na kooni, si kwa mgonjwa peke yake bali hata kwa wanaomhudumia, ili aliyebeba vijidudu asimkaribie. Usiku na mchana wauguzi waliandika mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto, kiasi cha maji yaliyoingia na mkojo uliotoka. Walimpa dawa kwa saa zake, walimgeuza kitandani, walimsaidia kukohoa na kutunza vidonda vyake.

Siku za mwanzo zilileta furaha. Washkansky aliamka, mrija wa kupumulia ukatolewa, akaanza kuzungumza. Moyo mpya ulipopeleka damu ya kutosha kwenye figo, maji aliyokuwa nayo mwilini kwa miezi mingi yalianza kutoka kwa mkojo na uvimbe wa miguu ukapungua. Alikula, alifanya mzaha na wauguzi, alionana na mkewe na kuongea na redio.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo hospitali haikuizoea. Waandishi wa habari na wapiga picha kutoka nchi nyingi walifika Cape Town na kujazana nje ya wadi. Simu hazikukatika. Wauguzi walilazimika kulinda mlango dhidi ya vijidudu na pia dhidi ya watu, na familia mbili, moja yenye matumaini na nyingine yenye msiba, zikajikuta hadharani bila kujiandaa.

Kifo

Baada ya siku kama 12 Washkansky alianza kudhoofika. Alichoka, akapoteza hamu ya kula na kuhisi maumivu ya kifua. Picha za eksirei zilionyesha vivuli katika mapafu. Madaktari walijiuliza kama ni damu iliyoganda, kama ni maambukizi, au kama moyo umeanza kukataliwa. Ilidhaniwa kwanza kwamba ni kukataliwa, hivyo dawa za kupunguza kinga ziliongezwa.

Dhana hiyo haikuwa sahihi. Vivuli vile vilikuwa homa ya mapafu ya pande zote mbili iliyosababishwa na bakteria, na dawa zilizoongezwa zilizidi kuunyima mwili askari wake. Ilipobainika, alipewa antibiotiki na kurudishwa kwenye mashine ya kupumulia, lakini chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua na mapafu hayakuweza tena kupitisha oksijeni ya kutosha. Alifariki asubuhi mapema tarehe 21 Desemba 1967.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba mapafu yalikuwa yamejaa ugonjwa. Moyo wa Denise Darvall ulikuwa na alama chache tu za kukataliwa na mshono ulikuwa mzima. Upasuaji ulikuwa umefaulu, na kilichokosekana kilikuwa ujuzi wa kumtunza mgonjwa baadaye.

Mabadiliko yaliyofuata

Tarehe 2 Januari 1968, siku 12 tu baada ya kifo cha Washkansky, kundi lilelile lilimpandikiza moyo daktari wa meno Philip Blaiberg. Mafunzo ya mgonjwa wa kwanza yalitumika: dawa zilipunguzwa mapema zaidi na masharti ya usafi yalikazwa. Blaiberg alitoka hospitalini kwa miguu yake na kuishi zaidi ya miezi 19. Moyo wake ulitoka kwa Clive Haupt, kijana Chotara, na safari hii rangi haikuzuia.

Mwaka huohuo wa 1968 hospitali nyingi duniani ziliiga upasuaji huo, na zaidi ya mioyo 100 ilipandikizwa. Wagonjwa wengi walikufa katika wiki au miezi michache, kwa kuwa madaktari wengi walijua kushona moyo bila kuwa na mpango wa kumhudumia mgonjwa kwa muda mrefu. Hospitali nyingi ziliacha. Chache ziliendelea, hasa ile ya chuo kikuu cha Stanford chini ya Shumway, pamoja na Groote Schuur. Miongoni mwa wagonjwa wa Barnard, Dorothy Fisher aliyepandikizwa mwaka 1969 aliishi zaidi ya miaka 12, na Dirk van Zyl aliyepandikizwa mwaka 1971 aliishi zaidi ya miaka 20.

Mambo mawili yalibadilisha hali. Miaka ya 1970 ilipatikana njia ya kupitisha waya mwembamba katika mshipa wa shingo hadi ndani ya moyo na kuchukua kipande kidogo cha nyama yake kwa uchunguzi. Kwa njia hiyo daktari huweza kuona kama moyo unakataliwa badala ya kukisia, jambo ambalo lingeweza kumsaidia Washkansky. Miaka ya 1980 ilikuja dawa ya siklosporini, inayozuia kukataliwa bila kudhoofisha kinga yote kwa kiasi cha dawa za zamani.

Suala la lini mtu ahesabiwe amekufa nalo lilihitaji jibu. Mwezi Agosti 1968 kamati ya chuo kikuu cha Harvard nchini Marekani ilitoa vigezo vya kifo cha ubongo, na baadaye nchi nyingi zilitunga sheria juu yake.

Muuguzi mratibu

Mwaka 1967 hapakuwa na mtu mwenye cheo cha mratibu wa upandikizaji. Kazi zake ziligawanywa kwa yeyote aliyekuwepo: mmoja alipiga simu, mwingine alizungumza na baba aliyefiwa, mwingine alipeleka damu maabara, mwingine aliwazuia waandishi mlangoni. Kadiri wagonjwa walivyoongezeka na kuishi muda mrefu, vituo vya upandikizaji viliona haja ya kumpa mtu mmoja jukumu la kuunganisha yote hayo, na mara nyingi mtu huyo ni muuguzi mwenye uzoefu.

Muuguzi mratibu humfuata mgonjwa tangu anapopimwa kama anafaa kupandikizwa. Husimamia vipimo, humweka katika orodha ya wanaongoja na kumweleza yeye na familia yake mambo yatakayowakabili. Moyo unapopatikana, ndiye anayempigia mgonjwa simu na kuhakikisha kwamba chumba cha upasuaji, maabara na usafiri viko tayari, kwa kuwa moyo uliotolewa mwilini huhesabiwa kwa saa chache tu.

Kazi ndefu zaidi huanza baadaye. Aliyepandikizwa moyo hunywa dawa za kupunguza kinga maisha yake yote. Mratibu humfundisha majina ya dawa, saa zake na madhara yake. Humwonya asiache hata anapojisikia mzima, na asichanganye na dawa nyingine bila kuuliza. Hufuatilia kiasi cha dawa katika damu, hupanga siku za kuchunguza moyo, na ndiye anayepigiwa simu mgonjwa akipata homa, kuvimba au kukosa pumzi. Homa ndogo ambayo mtu mwingine angeipuuza inaweza kuwa mwanzo wa hali iliyomwua Washkansky.

Kwa kawaida familia ya mtoaji hushughulikiwa na wahudumu wengine, wasiomtibu mpokeaji, ili uamuzi wa kutoa usiathiriwe na haja ya kupokea. Nchi nyingi pia huficha majina ya pande hizo mbili, tofauti na mwaka 1967 ambapo majina ya Washkansky na Darvall yalichapishwa magazetini mara moja.

Katika Afrika ya Mashariki uzoefu wa uuguzi wa namna hii umekua zaidi kupitia figo. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Upasuaji wa kufungua kifua na kutibu moyo hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini humo. Kanuni za kumtunza aliyepandikizwa ni zilezile: dawa bila kukosa, usafi, vipimo vya mara kwa mara na mtu mmoja anayejua habari zote za mgonjwa. Hizo ni muhimu zaidi kwa anayeishi mbali na kituo, kwa mfano Kahe au vijiji vingine vilivyo chini ya mlima Kilimanjaro, ambaye wahudumu wa hospitali iliyo karibu naye, kama KCMC mjini Moshi, wanahitaji kujua historia yake kabla ya kumtibu hata homa ya kawaida.

Dhana zisizo sahihi

Imesemwa mara nyingi kwamba Hamilton Naki, Mwafrika aliyeanza kazi kama mtunza bustani wa chuo kikuu cha Cape Town, alishiriki kwa siri katika upasuaji wa Washkansky kwa kumtoa Denise Darvall moyo. Alipofariki mwaka 2005 habari hiyo ilichapishwa na magazeti makubwa, ambayo baadaye yalisahihisha. Naki hakuwepo usiku ule. Alifanya kazi katika maabara ya wanyama ya chuo hicho, ambako alijifunza upasuaji bila shule, akawa stadi wa kupandikiza viungo na kuwafundisha madaktari wengi vijana. Barnard mwenyewe alimsifu kwa ustadi huo. Sheria za ubaguzi wa rangi hazikumpa nafasi ya kusomea udaktari, na sifa aliyostahili ilimfikia uzeeni.

Ni vema pia kutofautisha Washkansky na mgonjwa wa James Hardy wa mwaka 1964. Yule alitangulia kuwekewa moyo mwingine, lakini ulikuwa wa mnyama. Washkansky alikuwa wa kwanza kupokea moyo wa binadamu, na wa kwanza kuamka akiwa nao.

Kumbukumbu

Vyumba vya upasuaji vya Groote Schuur vilivyotumika usiku ule vimegeuzwa kuwa makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 2007, miaka 40 baada ya tukio. Wageni huona vyumba viwili vilivyopakana, vyombo vya wakati ule na chumba alichougulia Washkansky. Sehemu mojawapo imetengwa kumkumbuka Denise Darvall.

Christiaan Barnard alipata umaarufu mkubwa duniani, akaacha upasuaji mwaka 1983 kwa sababu ya ugonjwa wa viungo vya mikono, na kufariki mwaka 2001. Washkansky hakuishi kuona mwaka mpya wa 1968, lakini kumbukumbu za kila siku zilizoandikwa kando ya kitanda chake kwa siku 18 zilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyojifunza waliomtunza mgonjwa wa pili, aliyerudi nyumbani.